Tathmini ya chdir na fchdir katika Linux, kwa macho ya ofisi ya mizigo Kigoma

Bidhaa ninayoitathmini leo haiuzwi dukani. Ni miito miwili ya mfumo wa Linux, yaani maombi ambayo programu huyapeleka kwa mfumo endeshi, chdir na fchdir, ambayo kazi yake ni kubadili saraka ya kazi ya mchakato, yaani ile folda ambayo programu huhesabiwa kuwa imo ndani yake pale inapotaja jina la faili bila kutaja njia kamili. Ninaitumia katika ofisi ya wakala wa mizigo hapa Kigoma, mwisho wa reli, ambako kila shehena inayovuka ziwa kwenda Bujumbura, Kalemie au Mpulungu huwa na orodha yake, na kila orodha hutakiwa kukaa katika saraka ya bandari inakopelekwa. Kompyuta zetu ni za zamani na zimewekewa Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, na programu inayopokea orodha hizo iliandikwa na fundi mwingine kabla sijaitwa kuitunza. Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: chdir ni wito mzuri kwa programu inayoanza kazi, na ni wito wa hatari kwa programu iliyokwisha kushika kazi.

Nianze na sifa, maana zipo. Wito wenyewe ni mwepesi kuelewa. Unaupa njia ya saraka, nao unarudisha 0 ukifanikiwa au -1 ukishindwa, na ukishindwa unaacha namba ya kosa inayoeleza sababu bila kuzungukazunguka: ENOENT ikiwa saraka haipo, ENOTDIR ikiwa kimojawapo cha vitu ulivyotaja njiani si saraka, EACCES ikiwa huna ruhusa, ELOOP ikiwa viungo vya njia vinazungukiana bila mwisho, na ENAMETOOLONG ikiwa njia imepita urefu unaokubalika, ambao katika Linux ni baiti 4096. Ruhusa inayodaiwa ni ile ya herufi x (kupita) juu ya saraka, wala si ile ya r (kusoma), na jambo hili huwashangaza wanafunzi wengi: mtu anaweza kuingia katika saraka ambayo haruhusiwi kuorodhesha yaliyomo, na kinyume chake anaweza kuorodhesha majina ya saraka ambayo hawezi kuingia. Mwenzake, fchdir, hufanya kazi ileile, isipokuwa haupi njia. Unaupa namba ya saraka uliyokwisha kuifungua. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya tathmini hii.

Umri wa wito huu nao ni sifa. chdir ulikuwamo katika mwongozo wa kwanza wa Unix wa Novemba 1971, na katika Unix za zamani namba yake ilikuwa 12. Linux ya vichakato vya biti 32 vya Intel bado inautambua kwa namba hiyohiyo, ingawa katika mashine za biti 64 umehamishiwa namba 80, na fchdir ukapewa 81. Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix, ameeleza tukio ambalo kila anayefundisha somo hili angefaa kulisimulia. Hapo mwanzo chdir ilikuwa amri ya kawaida kama amri nyingine, kwa kuwa kila kituo cha mtumiaji kilikuwa na mchakato mmoja tu. Walipoongeza fork, wito wa kuzaa mchakato mtoto, ili kila amri iendeshwe katika mchakato wake, amri hiyo ikaacha kufanya kazi ghafla. Walisoma msimbo wao kwa kina hadi wakagundua kwamba ilikuwa inafanya kazi barabara: ilibadili saraka ya mchakato mtoto, na mtoto huyo akafa papo hapo, huku mzazi akibaki alipokuwa. Ikabidi amri hiyo iingizwe ndani ya programu inayopokea amri yenyewe. Vijana wanaojifunza hapa Mwanga, mjini Kigoma, huuliza swali hilohilo hadi leo, kwa nini programu yao ya C imebadili saraka lakini dirisha la amri likabaki lilipokuwa, na jibu halijabadilika. Mtoto hurithi saraka ya kazi ya mzazi wakati wa fork, huendelea nayo baada ya execve (wito unaopakia programu mpya ndani ya mchakato), lakini hawezi kumrudishia mzazi chochote. (Kuna mifumo, macOS ukiwamo, ambayo bado ina faili la /usr/bin/cd kwa kutimiza kanuni za POSIX, ambazo ni kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix; ukiliendesha litahama, litakufa, na wewe utabaki pale pale.)

Sasa nieleze flashi, kwa sababu hapo ndipo ofisi yetu ilipoanza kulalamika. Makarani wa boti za Kibirizi huleta orodha zao kwa flashi, na programu ya yule fundi ilikuwa na desturi ya kuhamia ndani ya flashi kwa chdir, kusoma kila kilichomo kwa majina mafupi, kisha kukaa humohumo ikisubiri kazi nyingine. Dada wa mapokezi alikuwa akiniita karibu kila jioni: "Fundi, flashi inagoma tena kutoka." Hapakuwa na faili lolote lililokuwa wazi. Kilichokuwapo ni mchakato ambao saraka yake ya kazi ilikuwa ndani ya flashi, na kwa keneli, yaani kiini cha mfumo, hilo linatosha kabisa kukataa umount, amri ya kuitenganisha flashi, kwa kosa la EBUSY. Amri ya fuser -vm ikielekezwa kwenye flashi huonyesha mchakato unaoishikilia pamoja na herufi inayotaja namna ya kushikilia: f ni faili lililofunguliwa, na c ni saraka ya kazi. Siku zote ilikuwa c. Ndiyo sababu pia programu zinazokaa nyuma ya pazia, kwa desturi ya miaka mingi, huita chdir kwenda / mara tu zinapoanza, na ndiyo sababu kitendaji cha daemon katika maktaba ya C hufanya hivyo chenyewe usipokizuia.

Lakini kugoma kutoka ni kero inayoonekana. Iliyotuumiza zaidi ni ile isiyotoa kosa lolote. Flashi ya nakala za akiba huunganishwa kwenye /mnt/flashi, na asubuhi moja programu iliwashwa kabla flashi haijachomekwa. Saraka ya /mnt/flashi ilikuwapo, tupu, kwenye diski ya kompyuta yenyewe. Kwa hiyo chdir ulirudisha 0 kwa furaha zote. Baadaye flashi ikachomekwa na kuunganishwa juu ya saraka ileile. Mtu angedhani kwamba kuanzia hapo programu ingeandika kwenye flashi, maana jina ni moja, lakini keneli haikumbuki jina. Inakumbuka saraka yenyewe uliyoingia, na saraka hiyo ni ile ya diski, ambayo sasa imefunikwa. Programu iliendelea kuandika chini ya kifuniko siku nzima. Ukifungua /mnt/flashi kutoka dirisha jingine unaona flashi isiyo na nakala hata moja, na ukiuliza readlink kuhusu kiungo cha /proc/ na namba ya mchakato na cwd, ambacho huelekeza kwenye saraka ya kazi ya mchakato huo, unajibiwa /mnt/flashi vilevile, jibu ambalo halina uongo ndani yake lakini halikusaidii. Kilichotufumbua macho ni kulinganisha matokeo ya amri ya stat, inayotoa taarifa za faili au saraka: stat -L ya kiungo hicho na stat ya /mnt/flashi: namba za kifaa zilitofautiana. Nakala zilipatikana zote baada ya kuitenganisha flashi, zikiwa zimelala kwenye diski. Kinga yake ni rahisi, nayo ni kulinganisha namba ya kifaa ya saraka na ile ya saraka iliyo juu yake kabla ya kuandika. Zikilingana, flashi haijaunganishwa, na programu inapaswa kukataa kazi. Amri ya mountpoint hufanya ukaguzi wa aina hiyohiyo kwa anayetumia skripti.

Simlaumu chdir kwa hilo, kwa sababu ndivyo ulivyoundwa na kuna nyakati ambapo tabia hiyo ni neema. Saraka inaweza kubadilishwa jina au kuhamishwa ukiwa ndani yake, nawe ukabaki ndani bila kupotea. Inaweza hata kufutwa: Linux inaruhusu rmdir ya saraka tupu ambayo mchakato mwingine umo ndani yake, na mchakato huo hupata ENOENT pale tu unapouliza uko wapi kwa getcwd au unapojaribu kuunda faili. Windows ina mtazamo mwingine. Huko saraka ya kazi ya mchakato hushikiliwa wazi na haifutiki mpaka mchakato uondoke, jambo ambalo kila karani aliyewahi kuambiwa kwamba folda inatumika na programu nyingine analijua hata kama hajui sababu yake.

Udhaifu mkubwa wa chdir, na huu ndio unaoufanya nisiupendekeze kwa programu inayofanya mambo mengi kwa wakati mmoja, ni kwamba saraka ya kazi ni mali ya mchakato mzima. Nyuzi zote ndani ya mchakato, yaani njia za kazi zinazokwenda sambamba ndani yake, zinaitumia hiyo moja, kama wavuvi walio ndani ya mtumbwi mmoja: anayeshika usukani akikata kona, wote wamekata kona. Programu tuliyorithi ilikuwa na uzi mmoja kwa kila mashine ya kuskani. Uzi wa kwanza uliita chdir kwenda /srv/mizigo/kalemie, na kabla haujafungua faili, uzi wa pili ukaita chdir kwenda /srv/mizigo/bujumbura; kisha uzi wa kwanza ukafungua orodha.pdf kwa kuandika, na orodha ya saruji ya Kalemie ikakaa katika saraka ya Bujumbura. Miito yote mitatu ilifanikiwa. Hakuna kumbukumbu ya kosa, hakuna namba ya -1, hakuna la kumwonyesha mteja anayesubiri karatasi yake isipokuwa samahani. Ukiendesha strace -f, chombo kinachoorodhesha miito ya mfumo ya programu, ukiwa umechagua chdir na openat (wito wa kufungua faili) peke yake, utaona mistari ya nyuzi hizo ikipishana, lakini lazima uwe na bahati ya kuangalia wakati zinapopishana vibaya, na siku yenye kazi chache hazipishani kabisa.

Hapa naona nyaraka za Linux zingeweza kusema kwa sauti kubwa zaidi. Ukurasa wa chdir ni mfupi na msafi, unapatikana bila intaneti ukishaweka kifurushi cha manpages-dev, na kwa mji ambao mtandao wake una siku zake, hilo si jambo dogo. Hata hivyo habari kwamba nyuzi zinashirikiana saraka ya kazi utaikuta imeelezwa katika ukurasa wa pthreads, unaohusu nyuzi, na ule wa clone, wito unaozaa michakato na nyuzi, chini ya bendera ya CLONE_FS. Microsoft, ambayo siisifu kila siku, imeandika wazi katika maelezo ya SetCurrentDirectory, mwenzake chdir katika Windows, kwamba programu zenye nyuzi nyingi na maktaba za pamoja zisiutumie. Watunzi wa lugha nao wametoa hukumu zao kimyakimya. Java haina kabisa njia rasmi ya kubadili saraka ya kazi ya mchakato unaoendelea. Inakuruhusu tu kumchagulia mchakato mtoto unapomzaa. Node, mazingira ya kuendeshea JavaScript, inayo process.chdir, lakini inakukatalia ukiita kutoka ndani ya uzi wa mfanyakazi. Linux inampa mwenye ujasiri mlango wa wito wa unshare pamoja na CLONE_FS, ambao huutenga uzi ili uwe na saraka yake mwenyewe, na macOS inao pthread_chdir_np. Vyote viwili vinafanya kazi katika mfumo wake tu, na msimbo unaovitegemea hauhamishiki.

fchdir ninaupa alama za juu kidogo, hasa kwa sababu ya safari ya kurudi. Desturi ya wengi ni kuuliza getcwd, kuhifadhi jibu, kuhama kwa chdir, kufanya kazi, kisha kurudi kwa chdir nyingine. Njia hiyo inavunjika ikiwa saraka ya mwanzo imebadilishwa jina kati ya kwenda na kurudi, au ikiwa mojawapo ya saraka za juu yake haikuruhusu kupita. Ukifungua nukta, yaani saraka ulimo, kwa open yenye O_RDONLY na O_DIRECTORY, ukahifadhi namba yake, kisha ukarudi kwa fchdir, unarudi kwenye saraka ileile hata kama imebadilishwa jina, kwa kuwa namba haifuati jina. Ikiwa huna ruhusa ya kuisoma saraka hiyo bali ya kupita tu, Linux inakubali uifungue kwa O_PATH, na fchdir imekuwa ikikubali namba ya aina hiyo tangu toleo la 3.5. Wanaotumia Python wajue kwamba contextlib.chdir, iliyoongezwa katika Python 3.11, ni nzuri kwa skripti fupi lakini ndani yake hutumia ile njia ya zamani ya kuhifadhi jina na kurudi kwa jina, na haitibu tatizo la nyuzi hata kidogo. fchdir yenyewe haitibu pia. Inarekebisha kurudi, haibadili ukweli kwamba mtumbwi ni mmoja.

Dawa halisi ya nyuzi ni kuacha kuhama. Linux ilipata openat na jamaa zake katika toleo la 2.6.16 la mwaka 2006, na POSIX ikaiingiza katika kanuni za 2008. Badala ya kuhamia /srv/mizigo/kalemie, programu huifungua saraka hiyo mara moja inapoanza, huhifadhi namba yake, na kila inapotaka kuandika humo huita openat ikitaja namba hiyo na jina fupi la faili. Kila uzi hushika namba ya bandari yake na hauna haja ya kujua wenzake wako wapi. Anayetaka tabia ya zamani huweka AT_FDCWD mahali pa namba, na wito huanzia katika saraka ya kazi kama kawaida. Python inatoa jambo hilohilo kupitia hoja ya dir_fd katika os.open na vitendaji vingine vingi vya os. Nilipoigeuza programu yetu kwa namna hii, malalamiko ya orodha kuingia bandari isiyo yake yalikoma, na msimbo ukapungua urefu, kwa maana mistari yote ya kwenda na kurudi iliondoka. Tahadhari moja: saraka ya flashi iliyofunguliwa na kuachwa wazi nayo huzuia umount kwa EBUSY, safari hii kwa herufi f, kwa hiyo ifunguliwe wakati wa kunakili na kufungwa mara kazi inapokwisha.

Mahali ambapo chdir bado haina mpinzani ni kati ya fork na exec. Mtoto amezaliwa, hajaanza programu yake mpya, ana nakala yake ya saraka ya kazi na hamsumbui yeyote. Hapo mhamishe unavyotaka. Hivyo ndivyo hoja ya cwd katika subprocess ya Python inavyofanya kazi, na hivyo ndivyo mstari wa WorkingDirectory katika faili la huduma la systemd, msimamizi wa huduma katika Linux, unavyofanya kazi. Anayetumia posix_spawn, inayozaa mtoto na kumwanzishia programu kwa hatua moja, alikosa nafasi hiyo kwa miaka mingi, hadi glibc (maktaba ya C ya Linux) 2.29 ya mwaka 2019 ilipoleta kitendaji cha kumpangia mtoto saraka, na kanuni za POSIX za 2024 zikakikubali rasmi bila kiambishi cha np kilichokuwa mwishoni mwa jina lake kuonyesha kwamba hakihamishiki. Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi: anayemfungia mchakato kwa chroot, wito unaobadili saraka ambayo mchakato huiona kuwa mzizi, akumbuke kwamba chroot haibadili saraka ya kazi, hivyo bila chdir kwenda / mara moja baada yake mchakato unabaki umesimama nje ya uzio.

Katika ofisi yetu, basi, programu huita chdir mara moja tu, kwenda /, ikishapata namba za saraka tatu za bandari. Kilichobaki kutusumbua ni maktaba ya kutengeneza PDF ambayo haipokei namba, inataka njia ya maneno tu. Kwa hiyo tunaipa /proc/self/fd/, mahali ambapo Linux huonyesha vyote vilivyofunguliwa na mchakato wenyewe, ikifuatiwa na namba ya saraka na jina la faili, nayo inaandika mahali pake bila kuuliza swali. Hila hiyo ni ya Linux na haitafanya kazi kwa mwenye ofisi jirani anayetumia Windows. Yeye nimemshauri aandike njia kamili kila mahali, na asiiguse SetCurrentDirectory.